Darubini ya Macho Mawili, Darubini ya Kioo, au Kompyuta yenye Intaneti: Kuchagua Njia ya Kuzifuatilia Sayari za Mbali Ukiwa Tabora au Kigoma

Mwezi Septemba 2025 Shirika la Anga la Marekani, NASA, lilitangaza kwamba sayari zilizothibitishwa nje ya mfumo wetu wa jua zimefika 6,000. Habari hiyo ilipotufikia hapa Tabora, wanafunzi wa kikundi chetu cha falaki waliniuliza swali ambalo baadaye nililisikia tena kwa walimu wenzangu wa Kigoma: sisi wenye fedha kidogo, tukitaka kulishika jambo hili kwa macho na mikono yetu wenyewe, tuanze na kifaa gani?

Majibu yanayotajwa mara nyingi ni matatu. La kwanza ni darubini ya macho mawili, hasa ile iliyoandikwa 10x50, yaani inayokuza mara kumi na yenye lenzi za mbele za milimita 50. La pili ni darubini ya kioo yenye kioo cha milimita 114 au 130, ambayo ndiyo saizi inayopatikana kwa wanaoanza. La tatu ni kutonunua chombo chochote cha kutazamia, bali kutumia kompyuta ya shule au simu na bando kutafuta sayari katika takwimu zinazotumwa na chombo cha anga cha TESS.

Kabla ya kuzilinganisha, ni lazima niseme jambo ambalo wauzaji wa darubini hawalisemi: hakuna hata moja kati ya njia hizi itakayokuonyesha sayari ya mbali yenyewe. Michel Mayor na Didier Queloz, waliotangaza mwaka 1995 sayari ya kwanza inayozunguka nyota inayofanana na Jua, na ambao walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019, hawakuiona sayari hiyo. Walichokipima ni nyota yake, 51 Pegasi, ikivutwa huku na huku kila baada ya siku 4.2 na kitu kisichoonekana. Sayari nyingi zaidi zimegunduliwa kwa njia ya mpito, yaani kwa kuangalia mwanga wa nyota ukipungua pale sayari inapopita mbele yake. Sayari kubwa kama Mshtarii ikipita mbele ya nyota kama Jua hupunguza mwanga kwa takriban asilimia 1. Dunia yetu ingepunguza chini ya sehemu moja katika 10,000. Kwa hiyo anayechagua kati ya vifaa hivi anachagua kati ya kuiona nyota yenye sayari, kuipima, na kuitafuta sayari isiyojulikana bado.

Vigezo nilivyotumia

Nimetumia vigezo vinne: kile kinachopatikana kwa kweli kuhusu sayari za mbali, gharama ya kuanza na ya kutunza, jinsi njia hiyo inavyokubaliana na anga na majira ya kwetu, na idadi ya watu wanaoweza kushiriki, pamoja na kama kazi yao inawafikia wanasayansi. Uzuri wa picha sikuuhesabu. Picha za sayari za mbali zinazosambaa katika simu zetu, zenye bahari na mawingu ya rangi, karibu zote ni michoro ya wasanii, na ni vema mwanafunzi alijue hilo mapema.

Kinachopatikana kwa kweli

Watu huidharau darubini ya macho mawili kwa sababu ya udogo wake, ilhali ndiyo inayokufikisha kwa urahisi kwenye nyota zenye historia. Wanafalaki huupanga mwangaza wa nyota kwa madaraja, ambapo namba inavyokuwa kubwa ndivyo nyota inavyokuwa hafifu, na jicho tupu gizani huishia karibu na daraja la 6. 51 Pegasi ni ya daraja la 5.5, hivyo jicho huipata kwa shida. Darubini ya macho mawili huifanya nuru thabiti isiyo na mashaka, nje kidogo ya upande wa magharibi wa Mraba Mkuu wa Pegasus, takriban katikati ya nyota mbili zinazoufanya upande huo. Iko umbali wa miaka ya nuru ipatayo 50, maana yake mwanga unaoingia machoni mwako leo uliondoka huko katikati ya miaka ya 1970, siku ambazo wazee wetu walikuwa wakihamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Sehemu hiyohiyo ya anga ina HD 209458, ya daraja la 7.65, ambayo mwaka 1999 ilikuwa nyota ya kwanza kuonekana ikififia kwa sababu ya mpito wa sayari. Jicho tupu haliifikii kabisa, lakini lenzi za milimita 50 zinaifikia.

Kusini nako hakuko tupu. Jioni za Aprili hadi Julai, karibu na Msalaba wa Kusini, inang'aa Alpha Centauri, ambayo mwenzake mdogo, Proxima, iligunduliwa mwaka 2016 kuwa na sayari umbali wa miaka ya nuru 4.2 tu kutoka kwetu. Alfajiri za Septemba na Oktoba, jirani na nyota angavu ya Suheli, inaonekana kwa jicho tupu Beta Pictoris, mojawapo ya nyota chache ambazo sayari yake imepigwa picha halisi. Darubini ya macho mawili hukuonyesha nyota hizi zote isipokuwa Proxima, lakini haiwezi kupima chochote juu yake.

Darubini ya kioo hukusanya mwanga zaidi. Kioo cha milimita 114 kina eneo linalozidi mara tano lile la lenzi moja ya milimita 50. Kwa hiyo inazifikia nyota ambazo zimo katika habari za karibuni: Nyota ya Barnard, ya daraja la 9.5 na umbali wa miaka ya nuru 6, ambayo sayari yake ya kwanza ilitangazwa Oktoba 2024 na nyingine tatu Machi 2025; Proxima yenyewe, ya daraja la 11; na nyota moja ambayo Mtanzania hapaswi kuikosa. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki uliipa kila nchi iliyoshiriki nyota moja na sayari yake ili izipe majina, na WASP-71, iliyokuwa fungu la Tanzania, ikaitwa Mpingo, na sayari yake ikaitwa Tanzanite. Mpingo iko katika kundi la Nyangumi, ina daraja la 10.6, na hupita karibu na utosi wa anga letu mnamo saa saba usiku katikati ya Oktoba. Sayari yake huizunguka kwa muda usiotimia siku tatu. Kwenye darubini ni nukta tu, tena huwezi kuitofautisha na jirani zake bila ramani ya nyota. Hata hivyo nimemwona kijana wa kidato cha tatu akikaa kimya kwenye jicho la darubini kwa muda mrefu baada ya kuambiwa kwamba nukta ile ina jina la mti anaoufahamu.

Hata hivyo anayenunua darubini ya kioo akitumaini kuzikuta ndani yake nyota zote za habari atasikitika. TRAPPIST-1, yenye sayari saba zilizotangazwa Februari 2017, ni hafifu kupita hata daraja la 18, na nyota K2-18 imepita daraja la 13. Sayari zinazozungumzwa sana huzunguka nyota kibete nyekundu kwa sababu ni rahisi kugundua sayari ndogo mbele ya nyota ndogo, na nyota hizo ndizo hafifu kuliko zote.

Tofauti kubwa ya darubini ya kioo ni kwamba inaweza kukua. Ukiifungia kamera na kuiweka juu ya kitako chenye mota inayoifuata nyota, unaweza kupima mpito wewe mwenyewe. HD 189733, nyota ya daraja la 7.7 iliyo karibu sana na wingu la gesi liitwalo M27, hupungua mwanga kwa zaidi ya asilimia 2 kila siku 2.2, na mpito wake huchukua muda unaokaribia saa mbili. Kwetu hupanda juu kaskazini katika usiku wa Julai na Agosti, wakati wa kiangazi kikavu. Kwa kitako cha kawaida kisicho na mota jambo hili haliwezekani, na ni haki mnunuzi alielewe hilo kabla ya kutoa fedha.

Kompyuta haikuonyeshi nyota hata moja, lakini ndiyo njia pekee kati ya hizi inayoweza kukupa sayari ambayo hakuna mtu aliyeijua. TESS, iliyorushwa Aprili 2018, hutazama kipande kimoja cha anga kwa takriban siku 27 kisha huhamia kingine, ikirekodi mwangaza wa nyota kwa wingi mno. Mradi wa Planet Hunters TESS, katika tovuti ya Zooniverse, huwaonyesha watu wa kawaida michoro ya mwangaza huo na kuwaomba waweke alama mahali mwanga ulipozama. Programu za kompyuta hutafuta mizamo inayojirudia. Sayari yenye mwaka mrefu huzamisha mwanga mara moja tu katika siku zile 27, na hapo jicho la mtu hushinda. TOI-813 b, ambayo mwaka wake una siku zipatazo 84, iligunduliwa na wajitolea kwa namna hiyohiyo. Kabla yake, mwaka 2012, wajitolea wawili wa Marekani waliigundua katika takwimu za chombo cha anga cha Kepler sayari iliyo katika mfumo wa nyota nne.

Sehemu kubwa ya kazi hii ni kukataliwa. Mizamo mingi husababishwa na nyota mbili zinazopishana, au na hitilafu za chombo, na siku nyingi utamaliza michoro mingi bila kupata kitu. Mimi naihesabu hiyo kuwa faida ya kielimu. Septemba 2023 darubini ya anga ya James Webb ilitangazwa kuona methani na kaboni dioksidi katika hewa ya K2-18 b, sayari ya ile nyota K2-18. Aprili 2025 kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge likasema limeona dalili za gesi ambayo duniani hutoka kwa viumbe wa baharini, na wanasayansi wengine walipozichambua takwimu zilezile wakasema dalili hizo hazitoshi. Wasomaji wengi walichanganyikiwa na ubishi huo, lakini aliyekwisha kukaa mbele ya mchoro wenye vumbi la nukta akijiuliza kama mzamo anaouona ni wa kweli, aliuelewa mara moja.

Gharama ya kuanza na ya kutunza

Darubini ya macho mawili ni nafuu mara kadhaa kuliko darubini ya kioo inayofaa, haina kinachohitaji kurekebishwa mara kwa mara, na ukiibeba ndani ya begi kwenye treni kutoka Tabora hadi Kigoma itafika salama. Epuka zinazojigamba kukuza mara 20 au 30, kwa kuwa mkono hauwezi kuzituliza. Hata ya mara kumi hutulia zaidi ukiegemea ukuta au shina la mwembe.

Kwa darubini ya kioo, onyo langu linatokana na niliyoyapata. Ya kwanza niliyonunua ilikuwa na mguu mwembamba na boksi lililoandikwa kwamba inakuza mara 500; kila upepo ulipovuma nyota ilicheza, na wanafunzi waliondoka wakidhani kosa ni la macho yao. Kikomo cha busara ni kukuza mara mbili ya milimita za kioo, yaani kama mara 230 kwa kioo cha milimita 114, tena katika usiku mtulivu. Tazama uimara wa kitako kabla ya kutazama namba yoyote. Vioo vyake hutoka katika mstari baada ya safari ya barabara mbovu, na mtu mmoja katika kikundi lazima ajifunze kuvilinganisha kwa skrubu zake, kwa kuwa hapa kwetu si rahisi kumpata fundi wa kazi hiyo. Kioo kisifutwe kwa kitambaa. Kifunikwe kila kinapomaliza kazi.

Njia ya kompyuta haina gharama ya kuanza kama kompyuta ipo tayari, na mradi wenyewe ni bure. Michoro ya mwangaza haili bando kama video. Gharama yake ya kudumu ni muda wa intaneti, na gharama ambayo watu hawaihesabu ni lugha: maelezo yake ni ya Kiingereza, hivyo mwalimu lazima atumie kipindi kimoja au viwili kuyaeleza kwa Kiswahili kabla ya wanafunzi kuanza.

Anga na majira ya kwetu

Hapa ndipo Tabora na Kigoma zinapotofautiana. Mikoa yote miwili ina kiangazi cha takriban Mei hadi Oktoba, na kwa mtazamaji wa nyota hiyo ndiyo miezi ya mavuno. Tabora ni tambarare, upeo wa macho uko wazi pande zote, na kilomita chache nje ya mji giza ni la kweli. Kasoro yake ni moshi wa Agosti na Septemba, misitu ya miombo inapochomwa, ambao hufifisha nyota zilizo chini karibu na upeo. Proxima haipandi zaidi ya nyuzi 32 hivi kwetu, kwa hiyo itafutwe Mei au Juni kabla moshi haujatanda.

Kigoma ina milima nyuma yake na ziwa mbele yake. Usiku usio na mwezi, ambao ndio bora kwa darubini, ndio huohuo ambao wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao, na magharibi yote hujaa nuru. Mtazamaji wa Kigoma apande mahali ambapo kilima kinazikinga taa hizo, akatazame mashariki na juu. Unyevu wa ziwa pia huganda kwenye lenzi na kioo usiku wa manane, na chombo kikifungwa kwenye boksi kikiwa na unyevu huota ukungu. Kianikwe kivulini asubuhi kabla ya kufunikwa. Kwa hali hiyo darubini ya macho mawili, inayotolewa na kurudishwa kwa dakika moja, ina nafasi kubwa zaidi Kigoma kuliko inavyodhaniwa.

Mvua zikianza, mnamo Novemba hadi Aprili, darubini zote mbili hulala kwa majuma. Kompyuta haijali mawingu. Inajali umeme, na kukatika kwake hakutabiriki, lakini kompyuta mpakato yenye betri nzima humaliza kipindi cha kazi bila tatizo.

Watu wangapi, na kazi inafika wapi

Darubini ya macho mawili hupokezanwa upesi na mtoto wa darasa la nne huweza kuitumia. Darubini ya kioo humhudumia mtu mmoja kwa wakati, na kwa darasa la watu 60 foleni hukatisha tamaa. Lakini kitu kimoja, kama vile miezi minne ya Mshtarii ikizunguka sayari yake usiku baada ya usiku, hueleza mwendo wa mizunguko kuliko ubao wowote. Kwa zote mbili, kamwe mwanafunzi asiachwe nazo mchana bila mtu mzima: kulitazama Jua kupitia chombo hicho hupofusha papo hapo.

Kuhusu sayansi, darubini ya macho mawili haichangii kitu katika elimu ya sayari za mbali, na sioni aibu kulisema. Darubini ya kioo yenye kamera na mota inachangia: mradi wa NASA uitwao Exoplanet Watch hupokea vipimo vya mipito kutoka kwa watu binafsi, kwa sababu nyakati za mipito zikijulikana vizuri darubini kubwa hazipotezi saa zake zenye thamani kusubiri. Mradi huohuo huwapa wasio na darubini picha zilizokwisha kupigwa ili wazipime kwa kompyuta. Katika Planet Hunters TESS, mchoro mmoja hutazamwa na watu wengi na alama zao hujumlishwa, hivyo mwanafunzi anayekosea haharibu kitu, na anayepatia amehesabiwa.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni mtu binafsi au mzazi unayetaka kuanza mwaka huu na hujui kama hamu yako itadumu, darubini ya macho mawili inakufaa, hasa kama unaishi Kigoma mjini au Ujiji. Anza na Kilimia ili kuuzoesha mkono, kisha uende kwenye Mraba wa Pegasus mwezi Oktoba. Ukiichoka kwa nyota, bado utaitumia kwa ndege wa ziwani.

Kama ni shule yenye mwalimu mmoja aliye tayari kukesha, uwanja wenye giza na mahali pakavu pa kuhifadhia chombo, kama zilivyo shule nyingi za bweni za Tabora, darubini ya kioo ina kazi ya miaka mingi. Nunueni kitako imara kwanza na kamera baadaye, na mpangeni mwaka wenu kwa kuanzia Mei. Kama mwalimu huyo hayupo, au anatarajia kuhama, msiinunue bado.

Kama shule ina chumba cha kompyuta, lakini wanafunzi wa kutwa hawawezi kurudi usiku, njia ya tatu ndiyo inayowezekana, na kwa kuwa shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, kipindi kimoja kwa juma chini ya mwalimu kinatosha. Mwanafunzi wa kidato cha tano au cha sita anayefikiria kusomea fizikia au takwimu atafaidika nayo kuliko na darubini yoyote, kwa sababu kazi ya wanafalaki wa leo hufanywa kwa sehemu kubwa mbele ya mchoro wa aina hiyo.

Kama fedha zinatosha kwa kitu kimoja tu na kikundi kina watu wenye hamu tofauti, kama kilivyo chetu, mnaweza kununua darubini moja ya macho mawili kwa miezi ya kiangazi na kutenga kilichobaki kwa bando la miezi ya mvua. Sisi ndivyo tulivyoamua. Darubini ya kioo tuliyo nayo sasa tumeazimwa, na Oktoba ijayo, saa saba usiku, tutaielekeza tena kwenye Mpingo.